Rangi ya Kwanza

Rangi iliyopakwa zaidi ya nusu karne iliyopita ilikuwa bado mbichi.

Fundi rangi aliinua kidole kilicholowa kijani akamwonyesha dada yake, msanifu majengo. Jengo lile la maduka, lenye sakafu ya terazo na ukuta wa matofali ya matundu, lilikuwa limeponea chupuchupu kubomolewa. Dada ndiye aliyelipigania, maana angeweza kugombana na nguzo hadi nguzo iombe radhi. Sharti lake lilikuwa moja: kila ukuta ukwanguliwe hadi rangi yake ya kwanza. Kuta nyingine zilikuwa na matabaka matatu manne. Huu wa duka la nyuma wapangaji waliupaka na kuupaka tena, hata kona zake zikawa mviringo. Dada aliwaita washamba.

"Dada, humu ukutani kuna mtu anapumua."

"Ni mabomba hayo. Kwangua, kaka yangu, tumechelewa."

Akakwangua, kwa kuwa hakuwahi kumkatalia kitu. Mdharau mwiba mguu huota tende, na tende hii ilimwota kaka. Kufikia alasiri chumba kilinuka nywele zilizoungua, na kijani kile kilikuwa kimempanda hadi kiwikoni, hakitoki kwa mafuta ya taa wala kwa sabuni, na kila alipojisugua, ukuta nao ulisikika ukisuguliwa, taratibu, kutoka upande wa pili ambako hakukuwa na chumba.

Dada akaogopa, wala hakuona haya. Alimpigia simu shangazi yao, mganga wa kupunga majini.

"Waliopaka walikuwa wanamfunika," shangazi alinong'ona. "Mfunikeni kabla jua halijazama, mwanangu. La sivyo atamchukua aliyemgusa."

Dada akashika brashi mwenyewe. Kaka akasimama nyuma yake, akimshikia ngazi. Alipaka huku machozi yakimtoka, akiwaomba radhi wapangaji wote aliowacheka, hata kikabaki kipande cha upana wa uso, na hapo ukuta ukazungumza kwa sauti ya kaka yake, ndogo, iliyochoka, ikimwita kwa jina la utotoni ambalo wao wawili tu walilijua.

"Kijiko, usimalizie. Niko huku."

Akaisimamisha brashi. Chini yake ngazi ikakazwa.

"Malizia, Dada," akasema aliyeishika, kwa upole. "Jua linazama."

Alitaka kugeuka amtazame, akashindwa. Akachovya brashi, akapaka.

Ukuta ukanyamaza.

"Ahsante," akasema aliyeshika ngazi. Kisha akamuuliza nyumbani kwao ni njia gani.