Zulia la Kijani Kwenye Karai la Faiza

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Faiza alifagia zizi la mbuzi huku amejifunga ncha ya mtandio puani. Alishika ufagio kwa vidole viwili, na akikanyaga kinyesi kibichi alipiga kelele mpaka majirani wakasikia.

"Ish! Hooyo, nitatapika!"

"Maziwa yao unakunywa bila kutapika," mama yake, Faduma, alimjibu akiwa jikoni.

Ilikuwa mwaka 1998, baada ya mvua kubwa iliyoufurisha mto Tana. Mji wa Garissa, uliozoea vumbi, ulijaa majani kila pembe. Mwalimu Sahara, aliyewafundisha darasa la sita, aliona hiyo ni nafasi nzuri. Aliwaambia wanafunzi kila mmoja atengeneze bustani ndogo ndani ya karai kuukuu: wajenge vibanda vya vijiti kama vya wafugaji, vya kutosha mtu mrefu kama kidole, kisha wapande mimea midogo iwe ndiyo miti na malisho ya kijiji hicho.

Deeq alikuwa wa kwanza kuleta mche. Ulikuwa na majani membamba yaliyopendeza kama manyoya.

"Huu ni mathenge," mwalimu alisema. "Leo unaingia mfukoni, lakini kesho kutwa utapasua karai na kuwachoma miiba. Msidanganywe na udogo. Angalieni jani, shina na ua, kisha mniulize kama mmea huo hubaki mdogo hata ukikomaa. Na udongo wenu uchanganyeni na samadi ya mbuzi iliyokauka vizuri."

Faiza aliposikia samadi, aliziba pua kwa mtandio. Hinda, rafiki yake aliyekaa naye dawati moja, alimwalika wakaitwange pamoja. Faiza alimtazama Hinda akiifikicha kwa mikono yake mwenyewe, akakunja uso.

"Mimi sishiki uchafu huo, walahi," alisema, akaondoka.

Alipanda mbegu zake kwenye mchanga mtupu. Zilichipua, zikageuka manjano, zikafa. Zilibaki wiki chache kabla ya siku ya kuonyesha bustani, na karai lake lilikuwa tupu kama uwanja wa ndege.

Ndipo alipouona mtaro nyuma ya machinjio. Maji yalikuwa meusi, mafuta na vipande vya utumbo vikielea juu yake, na nzi walikuwa wengi hata hewa ilivuma. Lakini juu ya maji hayo palitanda vijani vidogo vya mviringo, vimebanana kama zulia. Faiza aliziba pua, akafumba jicho moja, akavichota kwa kopo. Harufu ilimfuata mpaka nyumbani. Alivimimina karaini pamoja na maji yake, akavinyunyizia manukato ya mama yake, akaliweka karai uani nyuma ya pipa.

Kesho yake alilipeleka shuleni kumwonyesha mwalimu kabla ya maonyesho, na darasa zima lilimzunguka.

"Umeipanda mwenyewe?" Mwalimu Sahara aliuliza.

"Ndiyo, mwalimu. Kwa mbegu."

Deeq na Hinda walimwomba zulia kidogo. Faiza aliwamegea kwa maringo, akarudi nyumbani na karai lake kichwani.

Baada ya siku chache alimkuta mdogo wake Nuh, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kuongea, amechuchumaa mbele ya karai. Mkono mmoja ulikuwa ndani ya maji, mwingine mdomoni. Zulia lilikuwa limeoza, limegeuka ute wa kahawia. Faiza alipoinama, aliona ndani yake vijidudu vyeupe vikijipinda, vimejaa hata maji yakaonekana kama yanachemka. Alitapika palepale. Kisha akamnawisha Nuh haraka haraka, asimwambie mtu.

Kufikia jioni Nuh alikuwa akiharisha na kutapika. Macho yalidumbukia, midomo ikakauka. Mama alimbeba mgongoni mpaka zahanati, Faiza akikimbia nyuma. Shuka lilikuwa limelowa na kunuka, lakini mama hakuziba pua hata mara moja.

Muuguzi, Bi. Maka, alimtundikia Nuh maji ya dripu. "Amekula nini? Amechezea nini?"

"Sijui," mama alijibu huku akilia. "Maji yetu nayachemsha kila siku."

Faiza alihisi kinyaa kikimpanda tena kooni, ila mara hii hakikuwa cha harufu. Alijichukia mwenyewe.

"Ni mimi, Hooyo," alisema. "Bustani yangu sikuipanda. Niliichota kwenye mtaro wa machinjio. Nuh ameyanywa maji yake. Na... na Hinda na Deeq wana vipande vyake nyumbani."

Bi. Maka alimshika Faiza bega. "Kakimbie ukawaambie wenzako sasa hivi. Vifukiwe mbali, na wote wanawe mikono kwa sabuni."

Faiza alikwenda nyumba hadi nyumba akirudia maneno yale yale ya aibu. Mama yake Deeq alimkemea mlangoni. Hinda alichukua jembe, wakachimba shimo pamoja.

Nuh alipona, akarudi nyumbani akidai uji. Faiza alikwenda kwa Mwalimu Sahara bila kuitwa, akamweleza yote. Kisha alianza upya. Alifikicha samadi kavu huku amekunja uso, akapanda vichipukizi vya shubiri na mimea ya majani manene aliyoitambua kwa maua yake madogo ya rangi ya waridi. Haikuota haraka. Siku ya maonyesho bustani yake ilikuwa na vijani vichache tu, na zawadi ilikwenda kwa Hinda.

Mwalimu Sahara alisimama mbele ya karai la Faiza, akaligeukia darasa.

"Samadi inachukiza, lakini ukiishika kisha ukanawa, imekwisha. Mwenzenu aliogopa uchafu wa kazi, akaingiza nyumbani uchafu wa maradhi, na uongo ukaufunika mpaka mtoto akaugua. Jueni mnacholeta nyumbani kimetoka wapi. Na mkikosea, semeni mapema, kabla mwingine hajalipia kosa lenu. Faiza alichelewa, lakini alisema, ndiyo maana Deeq na Hinda wako hapa leo wakiwa wazima."