Pistoni Zenye Kinundu

"Toa mkono wako hapo, kaka. Mimi ndiye niliyeziona kwanza."

"Wewe umeziona, mimi nimezishika. Hapa mnadani anayeshika ndiye mwenye mali."

Walikuwa wanagombea silinda hedi mbili, vile vifuniko vya juu vya injini, za gari la Pontiac la mwaka 1968, zilizotandazwa juu ya turubai kwenye mnada wa vipuri nje kidogo ya Detroit. Ilikuwa Jumamosi ya Aprili, tope hadi vifundoni, na harufu ya vitunguu vya kukaanga ikiwapitia watu waliosongamana kama siafu. Mwanamke huyo, Charisse Gaither, mpimaji wa maabara ya hospitali, alivaa ovaroli ya buluu iliyomkaa vizuri kiunoni, kilemba cha rangi ya haradali na midomo myekundu isiyojali tope. Mwanamume, Ziggy Wojtala, alikuwa fundi wa injini. Alivaa fulana nyeupe, mikono yake imejaa misuli, na alikuwa na tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa.

"Za gari la nani?" aliuliza.

"La baba yangu. Alilinunua jipya, akiwa kijana wa kiwandani. Injini ni ileile iliyozaliwa nalo, namba zinalingana na za bodi."

Ziggy aliziachia hapo hapo. Kwa watu wa magari haya namba kulingana ni jambo zito. Ukiiua injini ile, hakuna ya kuirithi.

"Chukua, malkia. Ila nani atakufungia?"

"Nitatafuta fundi."

"Umeshampata. Ana njaa tu kidogo."

Charisse alicheka, akamnunulia hotdogi yenye chili, na mambo yakaanzia hapo. Mwezi haukuisha, kila akitoka kazini alikuwa anapitia gereji ya Ziggy, kitongoji cha Hazel Park, kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kumtazama akifanya kazi. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Hata Mzee Cleophus, baba yake, ambaye macho yake yalikuwa yanafifia taratibu, aliona.

"Huyo Mpolandi anakupenda au anaipenda Pontiac yangu?" aliuliza mzee.

"Vyote, Baba."

"Mwambie achague."

Siku ya kuchagua pistoni Ziggy alimwekea mbili mezani. Kichwa cha moja kilikuwa na kinundu, cha nyingine kilikuwa na bonde dogo.

"Hii ya kinundu inabana hewa na petroli mpaka vinalia," alisema, macho yakimng'aa. "Hapo ndipo penye nguvu. Lakini inataka mafuta ya magari ya mashindano, yale ninayoweka kwenye pipa. Ukiipa petroli ya kituo cha mtaani, inalipuka kabla ya wakati, injini inagonga, pistoni inatoboka. Hii ya bonde inabana kwa upole. Petroli yoyote inakunywa."

"Basi bonde."

"Mpenzi, hiyo ni pistoni ya bibi anayekwenda kanisani!"

"Nipe hiyo hiyo ya bibi. Ziggy, nisikilize. Daktari kasema macho ya Baba hayafiki Krismasi. Oktoba nampeleka Idlewild, kule ziwani alikomposea mama, ayaone majani yakiwa mekundu, akiwa kwenye kiti cha gari lake. Ni saa nne za njia. Nitajaza mafuta nitakapoyakuta."

"Sawa. Bonde."

"Niapie."

"Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Julai injini ilinguruma. Kila fundi wa injini humpa mwenye gari karatasi ya vipimo, na Ziggy aliandika yake kwa mkono wake mwenyewe: pistoni za bonde, mgandamizo tisa kwa moja. Akatia sahihi. Nami sitawaficha wasomaji wangu, maana ningekuwa sina tofauti naye. Ndani ya injini ile mlikuwa na pistoni nane zenye vinundu, mgandamizo kumi na moja na nusu kwa moja. Agosti ilikuwa inakuja, magari ya zamani yanapotapakaa barabara ya Woodward na wanaume kuinamia boneti wakiuliza, "Hii kaifunga nani?" Ziggy hakutaka jina lake litajwe juu ya injini ya bibi. Kwa sababu hiyo tu aliapa uongo juu ya kaburi la mama yake.

Kila Ijumaa alimjazia tenki kutoka kwenye pipa lake.

"Usijaze kwingine, mpenzi," alimwambia kwenye simu. "Niachie mimi raha hiyo."

"Unanidekeza, wewe."

"Wewe ni wa kudekezwa."

Charisse alimtambia dada yake: "Wako anakuletea maua, mabua tu yale. Wangu ananijazia tenki!" Maskini. Aliringia kile kile alichokuwa anadanganywa nacho.

Njia ya mwongo ni fupi. Jumatano moja ya Septemba mshale wa mafuta ulilala chini kabisa, na Mzee Cleophus alikuwa na miadi kliniki ya macho. Charisse alipiga simu akiwa kituoni.

"Mpenzi, tenki limekauka. Naweka hapa hapa."

Upande wa pili ilisikika spana ikianguka sakafuni.

"Ziggy?"

"Nisubiri, nakuja."

"Uko mbali, Toledo, utakujaje? Baba ana miadi saa nne. Kuna tatizo gani?"

Neno moja tu lingetosha. Angeweza kusema: usiweke. Angeweza kusema: nimekosa. Ziggy alichagua jingine.

"Hakuna. Weka ile kali kabisa waliyo nayo. Na usikanyage sana, sawa malkia?"

Walipopanda barabara kuu, injini ilianza kugonga, kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo. Mzee aliinua kichwa.

"Charisse, zima."

"Tunakaribia, Baba..."

"Zima sasa hivi, binti!"

Alichelewa. Kilisikika kishindo, moshi wa buluu ukawafunika, na Pontiac ikajikokota hadi ukingoni ikanyamaza.

"Injini hii imenyweshwa petroli isiyoitaka," mzee alisema polepole. "Nimezifunga miaka thelathini na moja, naijua sauti hiyo."

"Haiwezekani. Ina pistoni za bonde."

"Nani kakwambia?"

Charisse alitoa karatasi ya vipimo kwenye droo ya gari, akaitazama sahihi.

Kesho yake gari lilivutwa hadi gerejini, naye Charisse akasimama na karatasi ya vipimo mkononi. "Fungua," alisema. Ziggy alifungua bila kuinua uso. Pistoni ya sita ilikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, na ukuta wa silinda umechanika vibaya. Saba zilizobaki zilisimama na vinundu vyao, zinang'aa.

"Nilitaka kukushangaza," Ziggy alisema.

"Nilikupigia simu, Ziggy. Nilikuwa nimeshika mpira wa mafuta mkononi. Nilikuuliza kuna tatizo gani."

"Niliogopa utaniacha."

"Ukaona bora Baba aungue?"

 Charisse aliondoka, na kwa wiki nane hakupokea simu yake. Alilia akiwa anapika, alilia bafuni, na kilichomuuma kuliko yote ni kwamba bado alikuwa anampenda. Oktoba ilipita.

Novemba alipokea.

"Njoo dakika kumi tu," Ziggy alisema. "Sitaki uniamini. Njoo upime mwenyewe."

Alikuta injini juu ya stendi, silinda imetiwa chuma kipya, pistoni zote zina mabonde. Mezani kulikuwa na mrija wa kupimia na spiriti yenye rangi. Charisse alivua koti, akamimina tone kwa tone kupima ujazo, silinda ya kwanza hadi ya nane, akapiga hesabu mara mbili. Tisa kwa moja. Kazi safi kuliko zote alizowahi kuzifanya Ziggy.

Alipogeuka, alimkuta amepiga goti kwenye oili, pete mkononi, machozi yanamtiririka.

"Kubali nikuoe, mimi niliyekosa, Charisse. Tumpeleke mzee Idlewild pamoja."

"Macho ya Baba yalizimika Jumapili," alisema Charisse. "Anatazama ukuta siku nzima."

Ziggy alifunika uso.

"Injini nimeipima, imekaa sawa," aliendelea. "Wewe nitakupima kwa nini? Kila utakaponifanyia jema, nitakuwa natafuta unachoficha. Nakupenda, na siwezi kuishi hivyo."

Aliomba injini ipakiwe kwenye gari la kaka yake lililokuwa nje. Ziggy aliipandisha kwa winchi, akaifunga kamba, akakaza, akarudi akakaza tena. Hakuna mwingine ambaye angeifunga vizuri hivyo. Charisse alipanda, akateremsha kioo, na Ziggy akasogea haraka, akidhani ameitwa.

"Ahsante, fundi," alisema Charisse, akawasha gari.