Tarakimu za Pweto

Wivine na Guelord walikutana katika soko la Katuba, mjini Lubumbashi, mwaka 2000, mikono yao ikiwa juu ya fungu moja la samaki wakavu. Wivine alivaa kitenge cha kijani. Guelord alivaa tai, na viatu vyake vilijaa vumbi.

« Monsieur, achia! Miye njo nilifika wa kwanza. »

« Beba, mama. Lakini utaniita kwa kukula? »

Wivine alicheka, akamgawia nusu.

Jumatatu wakakutana tena kazini, katika kituo cha mawasiliano. Wivine alitunza saa kubwa ya Lubumbashi. Guelord alikuwa akipelekwa kutunza ile ya Pweto, mji wa mbali kando ya ziwa. Saa hizo zilipaswa kwenda sawa kabisa, la sivyo mawasiliano yangevurugika. Kila asubuhi wote wawili walipokea ishara ya setilaiti ileile, kila mmoja akaandika saa yake ilisoma nini ishara ilipofika. Kisha Guelord alipiga simu, wakalinganisha tarakimu, wakajua ni saa ipi imechelewa.

« Yako iko nyuma, chérie, » Guelord alisema, akimwita mpenzi kwa Kifaransa.

« Yangu? Ni yako njo inakimbia, sawa na mwenyewe! »

Kazi ilikuwa ya dakika tano. Wao walizungumza nusu saa.

Mwisho wa mwaka vita vilikaribia Pweto. Guelord aliahidi kufika Jumamosi kuleta posa kwa baba yake Wivine, fundi mzee wa reli. Mama akapika, baba akavaa koti. Giza likaingia, mgeni hajafika. Baba alimsaidia binti yake kufunika sufuria.

Jumatatu simu ikalia.

« Wivine, sikiliza kwanza... »

« Tarakimu. »

« Chérie, ile motokari ya mwisho... »

« Nipe tarakimu, monsieur. »

Akazitaja polepole, moja moja. Wivine akaandika, akakata.

Jumanne simu haikulia. Adhuhuri redio ilitangaza kwamba Pweto imeanguka.

Alhamisi mwanamke mzee alibisha hodi kwa baba yake Wivine, miguu imevimba. Alikuwa Mama Numbi, aliyempangisha Guelord chumba. Ile motokari ya mwisho kutoka Pweto ilikuwa imeharibika njiani, akatembea siku tatu.

« Nafasi ilikuwa yake, » alisema. « Akanipandisha miye. Akasema, 'Mama, miye niko na nguvu, nitavuka ziwa.' Aliniomba kitu kimoja tu. »

Baba akamletea maji ya moto ya kuosha miguu, lakini mama yule alikataa kukaa kwanza. Alinyoosha kitenge chake, akapiga magoti, akapiga makofi taratibu kama ilivyo desturi.

« Baba, nimetumwa na Guelord. Anaomba binti yenu. »

Baba akamtazama Wivine. Binti hujibu mwenyewe, na aliyetumwa hurudisha jibu.

Wivine akamgeukia Mama Numbi.

« Nimekubali, mama. »

Mama Numbi akainua mikono apige makofi ya furaha, ikabaki hewani.

« Sasa, mwanangu, » akauliza, « hii jibu nitamupelekea wapi? »

Wivine akainama, akaanza kumwosha miguu.