Kiti cha Béatrice

Hii haikumpata jirani wa mtu. Ilimpata dada yangu wa damu, Eugénie, miaka ya sabini, hapa hapa Gihundwe.

Aliolewa na Mulume, mwalimu wa historia aliyefiwa na mke wake Béatrice. Yaani Eugénie alimwonea marehemu wivu kuliko mwanamke hai! Alibadilisha mapazia, akachoma mikeka, akagawa sufuria. Cha marehemu kilibaki kiti kimoja tu, chenye mto mwekundu. Mulume hakutaka mtu akikalie.

"Kiti yake itoke mu nyumba yangu," Eugénie aliniambia.

"Eugénie, muache maiti apumzike."

Sikio la kufa halisikii dawa. Mulume alikuwa anaandaa mchezo na wanafunzi wake: mfalme wa Hispania anarudi kutoka kifungoni baada ya vita na mapinduzi, anaitupa katiba, anatawala peke yake kama zamani. Walikosa kiti cha enzi. Dada yangu akakitoa hicho bila kumwuliza Mulume, akiomba moyoni kivunjike.

Mchana wa mchezo, Nzigire, msichana aliyecheza mfalme, aliketi, akatangaza kwa Kifaransa: yote yaliyofanywa nikiwa sipo, nimeyafuta. Tukapiga makofi. Akamgeukia dada yangu. Akaongeza kwa Kiswahili, polepole:

"Na ndoa."

Haikuwa sauti ya Nzigire. Ilikuwa ya Béatrice. Nilinunua vitenge kwake miaka mingi, naijua.

Tulikimbia nyumbani kwa Eugénie. Mapazia ya zamani yalikuwa dirishani. Mikeka iliyochomwa ilikuwa chini. Sufuria zilikuwa jikoni. Na kiti tulichokiacha shuleni kilikuwa sebuleni.

Mulume akaingia. Akamtazama Eugénie kwa adabu tu, kama mgeni.

"Karibu, Maman. Unatafuta nani?"

Eugénie alimshika mkono, akalia. Mulume akajitoa taratibu, akaita kuelekea chumbani: "Béatrice, kuko bageni."

Mlango wa chumba ukafunguka kidogo. Hatukungoja.

Eugénie anaishi kwangu mpaka leo. Picha ya arusi yao ninayo. Padri yupo. Mimi nipo, nimeshika maua. Aliposimama bibi arusi pana kile kiti, na mto wake umebonyea.

Dada yangu hataki kuishika. Ananiuliza neno moja tu, kwa sauti ya chini: "Mulume anacheka?"

Namwambia hapana. Siku ya arusi kweli hakucheka, sisi wote tuliona. Kwenye picha sasa anacheka.