Kilichoshonwa Pindoni

Jua lilikuwa linazama Mama Haleluya alipofika kanisani na majoho ya kwaya mkononi, yamepigwa pasi yakanyooka. Fundi huyu wa nguo alibandikwa jina hilo kwa ajili ya sauti yake. Mchungaji akigusa neno la maana, "Haleluya!" yake iliwazindua hata waliosinzia viti vya nyuma. Watu walimtania, lakini mtu akifikwa na jambo zito, kwake ndiko alikokimbilia kuombewa.

Kesho ilikuwa siku ya Meza ya Bwana, na mjukuu wake wa pekee angebatizwa. Mchungaji alikuwa ametangaza kila mtu ajichunguze kwanza, asije akaikaribia meza ile kwa mazoea tu. Mama Haleluya aliitikia kuliko wote. Tangu siku hiyo usingizi ulimpaa.

Binti yake, mwimbaji wa mstari wa mbele, alikuwa ameharibikiwa na mimba mara mbili. Alipopata nyingine, mama mtu alihisi maji yamemfika shingoni. Alifunga, akaomba, kisha akajitanda kitambaa usoni akaenda kwa mganga. Alirudi na kifurushi cheusi, kigumu kama kokwa. Sharti lake lilikuwa kikae kwenye vazi la binti, mwenyewe asijue. Fundi atakosaje pa kukificha? Alikishona ndani ya pindo la joho la kwaya.

Mtoto akazaliwa mzima. Na bibi mtu, bila haya, akasimama mbele ya kanisa zima kutoa ushuhuda.

Leo alipolipiga pasi joho lile alikipapasa kifurushi. Akashika wembe. Akaurudisha mfukoni. Tumalize ubatizo kwanza, alijiambia.

Aliwasha taa ya chumba cha kwaya, akaanza kutundika majoho kabatini. Akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Pasi aliiacha nyumbani, tena imezimwa.

Halafu...

Trrr... trrr... trrr...

Cherehani. Kanisani hapakuwa na cherehani.

Sauti ilikatika. Alichungulia mlangoni. Kwenye benchi la mbele alikaa mwanamke mmoja, amempa mgongo, amevaa joho.

"Mazoezi yamekwisha, dada," alisema Mama Haleluya.

"Nimekuja kupimwa, fundi," mwanamke alinong'ona bila kugeuka.

Fundi ni fundi. Mkono wenyewe ulishatoa tepu shingoni kabla kichwa hakijafikiri. Alipima mabega. Yalikuwa baridi. Akaizungusha tepu kifuani, akaivuta ikaze.

Ikakaza... ikakaza... ncha zikakutana.

Ndani ya joho hapakuwa na mtu.

"Hujapata kipimo?"

"Wewe... wewe nani?"

"Si ndiwe uliyenishona humu? Kila Jumapili nasimama mbele, naimba. Nawe unaniitikia vizuri." Joho lilitikisika kama linacheka. "Kesho mtoto nitamshika mimi."

Alitaka kulitaja jina la Yesu. Mdomo ule uliozoea kutikisa mapaa ulikauka, na Haleluya haikutoka. Aliogopa, ndiyo. Lakini aibu iliizidi hofu. Miezi yote hii alikuwa amewaombea watu wa kila namna, na hakuwahi kumwambia Mungu neno moja la kweli juu yake mwenyewe.

"Bwana," alinong'ona, "nilikudanganya."

Akautoa wembe mfukoni, akalishika lile pindo.

"Ukinitoa," sauti ilimjia sikioni, taratibu, "nani atamlinda mtoto?"

Mkono ukasita.

"Nani, fundi?"

Machozi yalimtiririka. Alimwona mjukuu wake, vidole vyake vidogo, usingizi wake wa kinywa wazi. Akafumba macho. Akakata.

Joho lilianguka tupu juu ya benchi. Kifurushi kilidunda sakafuni, akakiokota kwa ncha ya kitambaa na kwenda kukichoma kwenye shimo la takataka nyuma ya kanisa. Alisubiri hadi kikawa majivu. Kisha akaenda nyumbani nusu anatembea, nusu anakimbia.

Mtoto alikuwa mzima. Amepakatwa na mama yake sebuleni, ndani ya gauni jeupe la ubatizo, anacheka. Mama Haleluya aliegemea mlango, akalia kwa furaha.

"Mama, jamani, gauni tu ndilo linalokuliza?" binti alimtania. "Tazama lilivyomkaa! Na pindo ulilorekebisha mchana limetulia kweli."

"Pindo gani?"

"Si hili? Ulikuwa umeinamia cherehani, nikakusemesha hata hukuitika. Nikasema leo Mama kapandwa na kazi."

Mchana ule alikuwa kwenye maombi ya akina mama. Alikumbuka nyimbo. Alikumbuka... Hakika alikuwa huko?

Alipiga magoti, akalipapasa pindo la gauni pole pole. Vidole vyake vilikuta kitu kigumu kama kokwa.

Akasogeza taa. Uzi ulikuwa umerudiwa mara tatu mwishoni, na ncha yake haikukatwa kwa mkasi, iliumwa kwa meno. Hakuna fundi mwingine aliyemaliza nguo hivyo. Ilikuwa kazi ya mkono wake.

Alitoa wembe. Safari hii hakutaka kukata kwa siri.

"Usiinuke, mwanangu. Kabla sijaukata uzi huu, kuna jambo nililokuficha."

"Mama, unanitisha." Binti alimkumbatia mtoto, kisha akageuza uso kuelekea chumba cha cherehani, ananusa. "Kuna nguo inaungua humu ndani?"

Mama Haleluya hakugeuka. Alilishika pindo kwa nguvu, akaanza kusema.