Mdudu wa Meza ya Uyoga

Soko lilikuwa limefurika, na muuza uyoga hakuwa na nafasi hata ya kujikuna, pale dada mmoja mwenye gauni la kijani alipoinama juu ya meza yake akasema, "Kaka, usiguse hapo!"

Akatoa kioo cha kukuzia, akamnasa mdudu mweusi, mdogo kuliko punje ya ulezi, akamtia kichupani.

"Wenzako huchagua uyoga, wewe unachagua wadudu?"

"Kila mtu na riziki yake. Mimi ni mtafiti wa wadudu, pale makumbusho. Hebu chungulia."

Kijana akachungulia. Mgongoni mwa mdudu mlipita mistari ya dhahabu, myembamba kama uzi wa darizi. Alipoinua macho na kumtazama mwenye kioo, moyo ulimwenda mbio.

Tokea hapo simu hazikukatika.

"Mpenzi, nimehesabu pingili za papasi zake, vile vipembe vya kichwani. Kumi na moja!"

"Mimi leo hujaniuliza hata kama nimekula."

"Umekula, laazizi?"

"Sasa nimeshiba."

Mwezi wa pili ikathibitika: mdudu yule hakuwahi kuandikwa popote. Dada ndiye angekuwa wa kwanza kumwandika. Akaja mbio sokoni na karatasi, akamsomea mpenzi wake: "Alipatikana juu ya uyoga, kwenye meza ya sokoni."

Kijana uso ukamshuka. "Futa hapo."

"Siwezi."

"Mama amekaa kwenye meza hii miaka ishirini. Watu wakisikia uyoga wetu una wadudu, nani atanunua?"

"Mpenzi, nikidanganya mahali, kazi nzima ni uongo."

"Basi olewa na mdudu wako!"

Dada akakusanya karatasi zake, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Wiki tatu zikapita bila simu. "Mwanangu," mama alisema, "umenuna mpaka wateja wanaogopa kuuliza bei."

Alasiri moja, akifagia, kijana aliona unga laini chini ya mguu wa meza. Zamani angeuzoa tu. Sasa alipiga magoti, akabandua kipande cha ubao uliooza. Ndani walijaa wadudu weusi wenye mistari ya dhahabu. Akakagua uyoga wote, kikapu kwa kikapu. Hakukuwa na mdudu hata mmoja.

Akampigia dada simu. "Wanaishi kwenye ubao, si kwenye uyoga. Yule wako alipotea njia tu."

"Una hakika?"

"Njoo uone. Na unisamehe. Nilikutukana kwa kusema kweli."

"Nami nilijali ukweli nikasahau kumjali mama."

Dada alifika akihema, koti la maabara bado mwilini. Akakung'uta kile kipande cha ubao, wadudu wakamwangukia kiganjani. "Huyu dume! Sikuwa na dume hata mmoja!"

"Utaandika nini?"

"Mguu wa meza. Ndio ukweli."

"Basi kesho naivunja, nichonge mpya."

"Thubutu! Hayo ndiyo makao yao pekee tunayoyajua."

"Itabidi uje kuyalinda kila siku."

"Kila siku, kama nani?"

Kijana akapangusa mikono kwenye aproni, akamshika mkono. "Kama mke wangu, ukinikubali."

Nyuma ya vikapu mama akakohoa. "Mjibu, mwanangu, wateja wanasubiri."

Dada akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Nimekubali," akasema. "Lakini nipisheni kwanza. Miguu mitatu sijaikagua."

Na akaingia uvunguni.