Vidonge vya Mwavita

Haya yalitupata nyumbani kwetu Kamembe, na mdogo wangu Mwavita yuko hai, ukitaka utamkuta barazani na cherehani yake. Ilikuwa Jumanne ya kawaida. Yeye anashona gauni la bibi harusi, mimi nachambua maharage. Ndege ilipita juu yetu ikishuka uwanjani. Mwavita akainua kichwa, akaniita kama anavyoniita siku zote, mimi dada yake mkubwa.

"Yaya, ambia ule maman aache kuniegemea."

Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Wiki tatu alibishana na huyo mwanamke wa begani. Hakula, hakulala. Nikampeleka kituo cha afya. Muuguzi Mukantwari alimuuliza maswali machache, akaandika jina la ugonjwa kwa Kifaransa, akampa vidonge vyeupe. "Asikose hata siku moja," alisema. Mimi nina kichwa kigumu. Sikuona jinsi mtu angemjua mdogo wangu kwa muda usiotosha hata kuchemsha chai.

Vidonge vilimfukuza yule mwanamke, kweli. Lakini vilimtetemesha mikono. Fundi asiyeweza kutia uzi kwenye sindano!

"Hii mikono si yangu, Yaya," alininong'oneza. Roho iliniuma.

Nikaenda kwa Mwalimu Ramazani wa madrasa. Akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, tukaziosha kwa maji, Mwavita akalinywa hilo kombe. Mwalimu alinionya, "Kombe haikatazi dawa. Anywe yote mbili." Nikamjibu ndiyo. Nilipofika nyumbani nikavificha vidonge ndani ya gunia la mchele.

Siku ya nne alitia uzi kwa jaribio moja tu. Nililia kwa furaha, nikajisifu kwa majirani wote.

Siku ya tisa bega lake la kushoto lilishuka, kama la mtu aliyebeba ndoo. Akaanza tena kunong'ona. Mukantwari alipita kutuona.

"Anaendelea kumeza?"

Nilimtazama usoni. "Anameza."

Alipoondoka nilishikwa na hasira. Nilitaka kuhakikisha kwamba vidonge vile ni sumu tupu. Baada ya swala ya adhuhuri nikameza kimoja mimi mwenyewe, nikakaa karibu na Mwavita, nikangoja kutetemeka.

Sikutetemeka. Kuna kitu kilinyamaza.

Pumzi. Nzito, ya polepole, kwenye sikio langu la kulia. Tangu tumzike mama nilikuwa naisikia, nikidhani ni yangu. Sasa imekatika. Na mimi bado napumua.

Cherehani ikasimama.

"Yaya," Mwavita alinong'ona bila kugeuka. "Sasa beko babili. Ule mwingine anasema umemufukuza."

Wako wawili. Mabega yake yote mawili yalikuwa yameshuka.

Nilikimbilia gunia la mchele. Nikampa kidonge, akatapika. Nikampa kingine, nikamshika taya mpaka akakimeza. Kisha nikampigia Mukantwari simu nikakiri kila kitu, huku nalia kama mtoto. Alikuja mbio.

"Kwa nini haukuniambia mambo ya mikono?" aliuliza. "Tungepunguza dawa tu."

Akapunguza kweli. Leo Mwavita anameza kipimo kidogo, kila Ijumaa anakunywa kombe, na uzi anautia mwenyewe, ingawa si kwa jaribio la kwanza. Mimi simezi kitu, na masikio yangu yametulia.

Sibishi tena kwamba vidonge vinafanya kazi. Ninachotilia shaka ni kama wanaovigawa wanajua vinafukuza nini, na kikifukuzwa kinakwenda wapi.

Siku ile niliyompigia Mukantwari simu, nilimvua Mwavita gauni alilokuwa amevaa nikalifue. Begani, kushoto na kulia, palikuwa na mabaka mawili ya majimaji, kila moja ukubwa wa kiganja. Nimelifua mara tatu, nimelianika juani siku nzima. Kitambaa chote kilikauka. Mabaka yale bado yana unyevu, na ukiweka mkono kwenye lile la kulia, lina joto.